Kutoa Upepo

Breki ya Cherop imelegea tena.
Ukiibana, mkono unazama mpaka unagusa usukani,
na asubuhi, baridi ya Benet ikiwa bado kwenye paipu,
haurudi. Yaani unarudi,
lakini kwa kujivuta, kama mtoto aliyetumwa kuni
akiwa ameshaona wenzake wanacheza.

"Kuna upepo ndani," nikamwambia.
"Umeingilia wapi?"
Sikuwa na jibu. Nikafuta mikono.

Yeye hubeba kisanduku cha chanjo mgongoni.
Baridi ndiyo mzigo wake: ikimtoroka njiani
watoto wa bondeni watachomwa maji matupu.
Na mimi hapa nailaani baridi hiyohiyo
iliyogeuza mafuta ya breki kuwa uji.

Basi usiku nikapanga vichupa vinne juu ya bati,
vichupa vya dawa alivyoniletea mwenyewe, vimechemshwa.
Cha kwanza, mafuta ya breki za lori, kutoka duka la Wopata.
Cha pili, yale ya kupaka watoto wachanga,
yananukia mpaka mbwa wa jirani akaja kuangalia.
Cha tatu, alizeti: hilo lilikuwa wazo la Mangusho,
mwanafunzi wangu, ambaye kwake dunia nzima hukaangwa.
Cha nne, mekundu, ya madini,
kutoka nusu chupa niliyobakiza tangu safari ya Mbale.

Alfajiri nyasi zilikuwa nyeupe.
Nikavipindua kimoja kimoja
nikihesabu kiputo kinavyopanda.
Alizeti: nikafika ishirini, nikaacha.
Ya watoto: kumi na moja.
Mekundu: sita.
Ya lori: mbili tu, kiputo kikaruka kama panzi.

Mangusho akapiga makofi. "Ya lori!"

Nikamwonyesha maandishi kwenye mkono wa breki,
madogo kama mayai ya chawa: mafuta ya madini pekee.
Nikamsimulia baiskeli ya mwalimu Chemonges,
mwaka ule nilipokuwa bingwa wa kila kitu.
Nilitia ya lori. Siku tatu zilikuwa tamu.
Ya nne, raba zikavimba ndani kama maharage yaliyolowekwa,
pistoni zikakwama, gurudumu likagoma
katikati ya mteremko.
Hakufa. Lakini mpaka leo akipita hapa
husalimia banda. Mimi hanisalimii.

Mwepesi wa mbio si lazima awe wa ukoo.

"Mekundu basi," nikasema, "ila yanatosha breki moja.
Basi la Mbale ni Alhamisi."
Cherop akaitazama barabara inayoshuka,
ambayo haikuonekana kwa ukungu.
"Ya mbele," akasema.
"Ya nyuma iache na upepo wake. Itanikumbusha nisijione."

Mangusho akaitia chupa kwapani, chini ya sweta mbili,
akawa anazunguka banda kama kuku anayetafuta pa kutagia,
kwa maana mafuta yakishika joto la mtu
viputo hupanda bila kubembelezwa.
Nikafungua skrubu. Nikasukuma sindano taratibu,
nikiugongagonga ule mpira kwa ncha ya bisibisi.
Kikatoka kimoja, kichovu.
Kisha kimya kirefu, nikadhani ndiyo basi.
Kisha vikaja vingi, vidogodogo, vinasukumana
kama wanafunzi kengele ya mwisho ikilia.

Nikabana mkono wa breki. Ukakataa katikati,
mgumu, kama mtu anayejua bei yake.

Akafunga kisanduku, akakaza kamba kifuani.
Hakusema asante; aliangalia saa,
barafu yake nayo ina masaa yake.
Nikasimama mlangoni nikisikiliza.
Kona ya kwanza: mawe kidogo, matairi.
Kona ya pili, ile ya mkaratusi uliolala:
hakuna kitu.
Breki nzuri haina habari.

Nyuma yangu Mangusho bado alikuwa amejikumbatia,
chupa tupu kwapani, akingoja nimwambie aitoe.